Homa ikishuka, usikimbilie kufurahi

Mgonjwa aliyekuwa akiungua homa akipoa, nyumba nzima hushusha pumzi. Lakini upo ugonjwa ambao hatari yake huanza hasa wakati huo. Ni kidingapopo, ambayo wengi huiita homa ya dengue, iliyozuka Mombasa mnamo 2013 na tena 2021. Virusi vyake huenezwa na mbu aina ya Aedes, ambaye huuma mchana.

Wagonjwa wengi hupona. Swali ni, nani atazidiwa? Hapa ndipo maabara husaidia. Daktari huagiza chembe za damu zihesabiwe, kisha huangalia mambo mawili.

La kwanza ni chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda. Kwa kawaida mtu huwa na kati ya 150,000 na 450,000 katika kila maikrolita ya damu. Kidingapopo yaweza kuzishusha chini ya 100,000.

La pili ni hematokriti, yaani kiasi cha damu ambacho ni chembe nyekundu. Mishipa midogo ikivuja, majimaji ya damu hutoka na chembe hizo husongamana. Ni kama mchuzi uliokaukiwa jikoni: nyama haikuongezeka, maji ndiyo yaliyopungua. Basi hematokriti ikipanda huku chembe sahani zikishuka haraka, ni onyo kwamba presha ya mgonjwa yaweza kuanguka ghafla.

Haya hutokea sana kati ya siku ya tatu na ya saba, homa inapopungua. Kwa hivyo kipimo kimoja hakitoshi. Cha leo hulinganishwa na cha jana. Na tarakimu pekee si hukumu, kwani wapo wenye chembe sahani chache wanaopona bila kutokwa na damu. Mtazame mgonjwa mwenyewe pia.

Akilalamikia maumivu makali ya tumbo, akitapika mfululizo, akitoka damu kwenye ufizi au akilegea mno, mkimbize hospitalini hata kama amepoa. Homa itulizwe kwa parasetamoli, wala si aspirini au ibuprofeni, ambazo huongeza hatari ya kuvuja damu.

Tunza karatasi zote za maabara, na uandike siku homa ilipoanza. Hayo mawili yatamsaidia daktari kuamua kama mgonjwa atalazwa au atarudi nyumbani.