Bei si Ithibati

Imeenea miongoni mwa wapiga picha wetu, tangu wale wa maharusi katika mji wa Singida hadi wale wanaoandama mikutano ya siasa na mechi za mpira, itikadi moja ambayo kwa kukosa mtu wa kuihoji imejivika joho la ukweli: ya kwamba lenzi iliyonunuliwa kwa mamilioni ya shilingi haina ila, na ya kwamba ikiharibika, taksiri ni ya aliyeishika au ya fundi aliyethubutu kuifungua, wala si ya kiwanda kilichoiunda. Nasema itikadi hiyo ni batili, na hasara yake humwangukia mnyonge. Maana tajiri lenzi yake ikimsaliti hununua nyingine, ilhali kijana aliyeuza alizeti ya msimu mzima, au aliyekopa kwenye kikoba, hubaki ameduwaa akiulaumu mkono wake mwenyewe.

Natutaamali kwanza bei hununua nini. Hununua vioo vikubwa vinavyokusanya nuru nyingi, ili sura ya bibi harusi katika ukumbi wenye taa hafifu itoke bila chenga. Hununua ukali wa picha hadi pembezoni, na mota ya kufokasi iliyo nyepesi na kimya. Lakini ili hayo yapatikane, aghalabu hupangwa ndani ya lenzi moja vioo zaidi ya kumi na tano, kila kimoja kikitakiwa kukaa katika mhimili uleule kwa usahihi wa sehemu ndogo mno za milimita, na baadhi yake vikiachwa vielee juu ya springi na sumaku ili kutuliza mtikisiko wa mkono. Kila kilichoongezwa kwa ajili ya uzuri wa picha ni kitu kimoja zaidi cha kulegea, kupinda au kukatika. Lenzi za kale za chuma, zenye vioo vichache na zisizo na waya hata mmoja, hazikuwa na mashaka haya, na nyingi zingali zikifanya kazi.

Nimeitazama lenzi ya thamani kubwa ikifunguliwa juu ya meza ya fundi. Zilipokwisha kutolewa skrubu za nyuma, likainuliwa bamba la kushikia kamera, kisha sakiti, ugonjwa ukaonekana: utepe wa nyaya, ule ambao mafundi huuita fleksi, unaopeleka amri kwenye vibapa vya kufungulia na kufungia tundu la nuru, ulikuwa umekatika palepale unapokunjika kila zumu inapovutwa. Hapakuwa na alama ya kuanguka wala dalili ya maji. Ulikatika kwa kufanya kazi iliyoundiwa. Na mwenye lenzi alikwisha kuambiwa dukani alikoinunua kwamba bila shaka aliiangusha.

Vumbi nalo lina kisa chake. Upepo wa kiangazi wa Singida, ambao umewafanya watu wapange kuutumia kuzalisha umeme, huinua udongo mkavu na kuusambaza kila mahali, na lenzi ambayo mwili wake hurefuka na kufupika kwa zumu huvuta hewa hiyo ndani kama mivukuto ya mhunzi. Mipira iliyowekwa kwenye maungio hupunguza tu madhara; zipo lenzi za daraja la juu, kama ile ya Canon ya milimita 17 hadi 40, ambazo mtengenezaji mwenyewe asema kinga yake haitimii mpaka mbele pafungwe filta. Hata hivyo (na hili wengi hawapendi kulisikia) chembe chache za vumbi nyuma ya kioo cha mbele hazionekani katika picha, na anayekimbilia kuifungua lenzi kwa ajili yake hujitafutia balaa.

Watanijibu ya kuwa kampuni kubwa hupima mali yake kabla ya kuiuza. Mwaka 2005 Canon ilitoa lenzi ya milimita 24 hadi 105 yenye duara jekundu la daraja la juu, kisha ikalazimika kukiri kwamba baadhi ya zile za mwanzo zilitia mng'ao usiotakiwa mbele ya taa kali, ikazitengeneza bure. Na darubini ya Hubble, iliyopelekwa angani mwezi wa Aprili 1990 kwa gharama ya zaidi ya dola bilioni moja, ilikuwa na kioo cha upana wa mita 2.4 kilichosagwa kwa ustadi wa ajabu katika umbo lisilo sahihi, kwa sababu chombo cha kukipimia kilikosewa mpangilio kwa milimita 1.3, wanaanga wakaenda kuisahihisha Desemba 1993. Ikiwa Hubble ilipita mikononi mwa wakaguzi na kosa lake, sembuse kopo la kioo lililopita Dubai na Kariakoo, likafika Mkalama, mkoani Singida, juu ya bodaboda?

Fundi naye hastahili dharau anayotupiwa, ila naye ana wajibu. Skrubu za Kijapani zina msalaba wa umbo la peke yake, na bisibisi ya kawaida huvila vichwa vyake. Vipande vyembamba vya bati vilivyo chini ya bamba la nyuma vikirudishwa pasipo pake, upande mmoja wa picha hupoteza ukali.

Basi wewe unayekwenda kununua, usitoe fedha kabla hujaupiga picha ukuta wa matofali kwa lenzi hiyo ukiwa umeukabili sawasawa, tundu la nuru likiwa wazi kabisa, ukalinganisha pembe zote nne. Mulika ndani kwa tochi utazame fangasi, hasa kama lenzi imetoka pwani. Vuta zumu mara nyingi usikilize. Dai risiti na dhamana iliyoandikwa. Muuzaji akikutolea kitu chenye ila kisha akakutukana kwamba umekiangusha, Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, imepewa pia kazi ya kumlinda mlaji: mpelekee malalamiko yako na risiti yako.