Pima Turubai Kabla ya Kulilipia

Mkulima akinunua mbolea huuliza ni kilo ngapi zimo ndani ya gunia. Akinunua sukari huitazama mizani. Akiuza mahindi yake husimama karibu na mizani bila kupepesa macho, maana ajua kwamba kila kilo inayopotea ni jasho lake. Lakini mkulima huyo huyo akienda dukani kununua turubai, huuliza bei na rangi tu. Kisha hulishika kwa vidole, husema, "Hili ni zito," akalipa, akaenda zake.

Mimi naona desturi hii yatutia hasara, nayo yafaa iishe. Turubai ni kitambaa, na ubora wa kitambaa cha namna hii hutajwa kwanza kwa uzito wake. Wafumaji waujua uzito huo, na wenye maduka makubwa waujua. Asiyeujua ni yule anayetoa fedha.

Sisemi haya kwa kuwalaumu wengine, kwa kuwa lawama ya kwanza ni yangu. Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo, na kabla ya kazi hii nilisomea ualimu, ndiyo sababu watu wengi huniita Mwalimu mpaka leo. Miaka michache iliyopita kikundi kimoja cha wakulima huku kwetu Trans Nzoia kilichanga fedha ili kununua maturubai 30 ya pamba, kila moja la mita 4 kwa mita 5, ya kufunikia mahindi wakati wa mavuno. Barua ya kuagiza ilisema wazi: kitambaa cha wakia 12. Mzigo ulipofika niliombwa niupokee kwa niaba yao. Nikayahesabu maturubai, yakawa 30. Nikapima urefu na upana wa moja, nao ulikuwa sawasawa. Nikatia sahihi.

Mwezi wa Novemba mvua ilinyesha siku nne mfululizo, na mahindi yalikuwa bado uani chini ya maturubai hayo. Maji yalipenya. Mama mmoja mjane alipoteza magunia 11. Alikuja ofisini akiwa amejitwika turubai lake kichwani, akalitua mbele ya meza yangu. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Mwalimu, uliyahesabu. Je, uliyapima?"

Sikuwa na jibu. Tulilianika lile turubai mpaka likakauka, kisha tukalitundika kwenye mizani ya magunia. Lilikuwa na kilo 5.

Tazama hesabu yake, ambayo hata mtoto wa darasa la tano aweza kuifanya. Mita 4 mara mita 5 ni mita 20 za mraba. Kilo 5 ni gramu 5,000. Gawanya 5,000 kwa 20, utapata gramu 250 kwa kila mita ya mraba. Kitambaa cha wakia 12 kina gramu 400 na kidogo kwa mita ya mraba, kwa hiyo turubai lile lilipasa kuwa na kilo 8. Kilo 3 hazikuwamo. Kwa maturubai 30, pamba iliyopungua ni kilo 90, yaani uzito wa gunia zima la mahindi. Mtu angetupunja gunia zima la mahindi kwenye mizani, soko lote lingesimama. Lakini tulipopunjwa gunia zima la pamba, mimi nilitia sahihi na kusema asante. Muuzaji alipoulizwa, alijibu kwamba mzigo ulikwisha kupokewa.

Basi, wakia hizi ni kitu gani? Biashara ya turubai ilikua katika nchi zilizopima kwa wakia na yadi, na mpaka leo wauzaji wengi husema "wakia 10" au "wakia 12". Maana yake ni kwamba kipande cha kitambaa chenye yadi moja kila upande kina uzito wa wakia hizo. Wengine hutaja gramu kwa mita ya mraba. Hivi ni vipimo viwili vya jambo moja. Ukitaka kugeuza wakia kuwa gramu, zidisha kwa 34. Wakia 10 ni gramu 340, wakia 15 ni gramu 510, na wakia 18 ni karibu gramu 610.

Kupima si kazi ngumu. Pima urefu na upana wa turubai kwa mita, uzidishe. Kisha liweke kwenye mizani likiwa kavu, ugawanye gramu zake kwa zile mita za mraba. Pindo, kamba na vitundu vya chuma huongeza uzito kidogo, kwa hiyo usishangae hesabu ikizidi kidogo. Ikipungua sana ndipo uulize. Kama wanunua kitambaa cha kukatwa kutoka kwenye jora, omba kipande cha sentimeta 10 kwa sentimeta 10, ukipime kwenye mizani ndogo, kama ile ya maabara ya shule. Zidisha gramu zake kwa 100, nawe utapata gramu za mita ya mraba.

Jihadhari na mambo matatu. La kwanza ni upana wa jora. Muuzaji aweza kukuambia kwamba mita moja ya kitambaa chake ina gramu 450, nawe ukafurahi. Lakini kama jora lina upana wa mita 1.5, hizo ni gramu 300 tu kwa mita ya mraba. Hakusema uongo, ila wewe hukuuliza.

La pili ni wanga. Kitambaa chepesi chaweza kutiwa wanga mwingi kikawa kigumu na kizito mkononi. Ndiyo maana vidole si mizani. Katika ghala ya kikundi chetu lilikuwapo turubai moja ambalo halijatumiwa. Tulilipima likawa na kilo 5 na gramu 600. Tukaliosha, maji yakatoka meupe kama uji, na lilipokauka lilikuwa na kilo 5 kamili, sawa na lile la yule mama. Gramu 600 za wanga tulizinunua kwa bei ya pamba, nazo zilikwenda na mvua ya kwanza. Ukitaka kujua mapema, sugua pembe moja ya kitambaa kwa nguvu kati ya mikono. Kikilegea na kutoa vumbi jeupe, shuku wanga.

La tatu ni plastiki na nta. Maturubai mengi ya malori siku hizi ni nyuzi zilizopakwa plastiki, na uzito wake ni wa nyuzi na plastiki pamoja. Gramu 600 za turubai la namna hiyo si gramu 600 za nyuzi. Hali kadhalika pamba iliyotiwa nta. Kwa hiyo linganisha pamba na pamba, na plastiki na plastiki, wala usiyapambanishe mawili haya kwa uzito peke yake.

Hapa wengine watasema, "Kama ni hivyo, nitanunua lililo zito kuliko yote, nimalize maneno." Hapana. Uzito huchaguliwa kwa kazi. Kitambaa cha pamba chini ya gramu 300 chafaa mifuko, aproni na kivuli cha jua. Cha gramu 340 mpaka 400 chafaa hema, na maturubai yanayotandazwa na kukunjwa kila siku. Cha gramu 500 mpaka 600 chafaa lori, au rundo la magunia litakalokaa nje siku nyingi bila kuguswa. Fikiri juu ya mama aliye peke yake uani, na wingu limekwisha kutanda. Turubai la mita 20 za mraba lenye gramu 600 lina kilo 12 likiwa kavu, na pamba ikinywa maji uzito huongezeka sana. Kabla hajalifikisha juu ya mahindi, mvua imekwisha kunyesha. Huyo amefaa kununua la gramu 400, kilo 8, aliwahi na kulivuta mwenyewe.

Tena uzito peke yake hautoshi. Tazama ufumaji. Turubai jema la pamba huzuia maji kwa sababu nyuzi zake zikilowa huvimba, zikaziba vijitundu vilivyo kati yake. Hii yawezekana tu kama mtande na mshindio vimebanwa vizuri. Nyuzi nene zilizofumwa kwa ulegevu zaweza kuwa na uzito wa kutosha na bado zikavuja. Kwa hiyo, baada ya kupima, liinue turubai uelekee jua. Ukiona nuru ikipita kama kwenye chekecheke, lirudishe. Na turubai jipya la pamba lilowanishe na kulikausha mara moja mbili kabla ya mavuno, ili nyuzi zikae mahali pake. Usilikunje likiwa bichi, maana kuvu itakula nyuzi hizo, na uzito ulioulipia utageuka vumbi.

Yuko atakayesema kwamba mkulima mdogo hana fedha za kununua kizuri. Wazee walisema rahisi huvunja upishi, na hesabu yawaunga mkono. Tuseme turubai moja lauzwa shilingi 6,000 nalo hudumu misimu 2, na jingine shilingi 9,000 nalo hudumu misimu 6. La kwanza lakula shilingi 3,000 kila msimu, la pili shilingi 1,500. Aliye na fedha kidogo ndiye hasa asiyeweza kulinunua lile la kwanza. Kama hawezi kulipata la pili peke yake, na washirikiane wawili au watatu.

Na hasara si ya turubai tu. Mahindi ya kuhifadhiwa yatakiwa kukaushwa mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5. Yakilowa tena na kukaa na joto, kuvu huota, na kuvu nyingine hutoa sumu tunayoiita sumukuvu. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua kwa sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Yule mama alitaka magunia yake 11 yawe chakula cha ng'ombe, ili asipoteze yote. Bwana shamba alimkataza, kwa kuwa ng'ombe akila sumu hiyo nyingine hupita katika maziwa, na maziwa yale yangenywewa na wajukuu wake. Mahindi yalifukiwa. Nilikuwapo, nikashika jembe pamoja na wengine.

Sitaki kusema kwamba turubai zito lingeokoa kila punje. Mahindi mabichi yakifunikwa kutwa nzima kwa turubai lisilopitisha hewa yataharibika hata bila mvua, na kila penye jua lazima yafunuliwe. Lakini mahindi yale yalikuwa karibu kukauka. Yalihitaji kukingwa siku nne tu.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wauzaji: andikeni juu ya kila turubai urefu, upana, aina ya nyuzi, na gramu kwa mita ya mraba. Pakiti ya unga huandikwa kilo zake, na ikipungua sheria ya vipimo humwuliza mwenye kuiuza. Sioni kwa nini turubai, ambalo ni ghali kuliko pakiti nyingi za unga, liuzwe bila neno. Mfanyabiashara mwaminifu hatapoteza kitu, bali atapata wateja.

Kwa makarani wenzangu, na makatibu wa vyama vya ushirika na vikundi: barua ya kuagiza itaje uzito, na stakabadhi ya kupokea itaje uzito uliopimwa. Kuhesabu vipande ni nusu ya kazi. Pima angalau turubai moja katika kila kumi, mbele ya mashahidi, na mpaka mizani isome sawa kalamu ikae mfukoni.

Kwako mkulima: siku utakapokwenda dukani, kabla ya kuuliza bei, uliza, "Lina gramu ngapi kwa mita ya mraba?" Muuzaji asipojua, mwombe mizani. Akikataa mizani, amekwisha kukujibu.

Mizani ya magunia iliyo ofisini kwetu sasa hutundikwa kila mzigo wa maturubai unapofika. Wa kwanza kuja kuisoma ni yule mama. Husimama karibu nami, hutazama mshale mpaka utulie, kisha husema, "Haya Mwalimu, sasa tia sahihi."