Sinki Litangulie, Jiwe Lifuate

Katika nyumba nyingi zinazojengwa leo Dar es Salaam na Mombasa, mwenye nyumba huchagua kwanza jiwe la graniti la kaunta ya jikoni, akalilipia kwa moyo mkunjufu, akawaita mafundi wakalikata na kulilaza juu ya makabati. Na hatimaye, fedha zikiwa haba na subira ikiwa haba zaidi, humtuma mtu dukani akalete sinki lolote litakaloenea katika tundu. Kwa sinki ambalo ukingo wake hulala juu ya kaunta na kusitiri makosa ya msumeno, desturi hiyo yavumilika. Walakini kwa sinki la kupachikwa chini ya jiwe, linalotamaniwa siku hizi kwa kuwa maji na makombo husukumwa ndani yake pasipo kizuizi, desturi hiyo ni kinyume cha busara, na wakati umewadia wa kuigeuza.

Sababu ya kwanza ni jiwe lenyewe. Tundu la sinki la namna hii halina kifuniko. Ukingo wake wote hubaki wazi kwa jicho na mkono, nao sharti ukatwe kwa kufuata umbo la sinki lililopo, kisha usuguliwe hadi ung'ae kama uso wa juu. Fundi asiye na sinki mbele yake hukata kwa dhana, na jiwe lililokatwa kupita kiasi halirudi.

Sababu ya pili ni kwamba ununuzi wa mwisho ni ununuzi wa pupa, na pupa ndiyo kheri ya muuzaji mwenye ghiliba. Dukani masinki yote ya chuma kisichoshika kutu hung'aa sawasawa. Tabia zake ndizo mbalimbali. Tangu Harry Brearley wa Sheffield alipoyeyusha chuma chake mwaka 1913, siri ya chuma kisichoshika kutu ni ile ile: kromi iliyomo hushikana na oksijeni ikafanya utando mwembamba usioonekana, nao ndio ngao yake. Chumvi ya hewa ya pwani, maji ya visima yenye munyu, na dawa ya klorini iachwayo bakulini usiku kucha, yote huushambulia utando huo. Daraja la 304, lenye takriban asilimia 18 ya kromi na 8 ya nikeli, huhimili maisha ya jikoni. Daraja la 201, ambalo sehemu kubwa ya nikeli yake imebadilishwa kwa manganizi ili kupunguza gharama, huwahi kuingiwa na madoa ya kutu. Sumaku ikinasa kwa nguvu katika sakafu ya sinki, jihadhari. Isiponasa usishangilie, maana 201 nalo aghalabu haliitiki sumaku. Aidha, kama ilivyo kwa mabati, namba ya geji ikipanda unene hushuka: geji 16, ipatayo milimita moja na nusu, ni madhubuti kuliko geji 18.

Sababu ya tatu ni uzito. Sinki hili huning'inia. Bakuli lenye urefu wa sentimita 70, upana wa 40 na kina cha 20 likijaa huchukua lita 56, yaani kilo 56, masufuria bado hayajahesabiwa. Si halali mzigo huo kuachiwa silikoni peke yake, ambayo kazi yake hasa ni kuzuia maji. Yahitajika vishikizo vilivyokazwa barabara chini ya jiwe, au fremu iliyofungwa katika kuta za kabati, nayo hufungwa kwa wepesi pale seremala anapolijua sinki kabla hajalipima kabati. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mwenye nyumba na afungue kabati atazame kwa macho yake.

Wapo watakaosema kuwa haya ni mashauri ya matajiri. La hasha, aliye na fedha chache ndiye asiyemudu kukata jiwe mara mbili. Kama mfuko hautoshi, sinki jema lenye ukingo juu ya kaunta si aibu, na lashinda sinki hafifu lililofichwa chini ya jiwe la thamani. Lakini aliyekwisha azimia na adai daraja na geji viandikwe katika stakabadhi, na malipo ya mwisho ya fundi yangoje hadi silikoni ikauke, sinki lijazwe pomoni, lilale na maji yake hadi asubuhi, na kabati lionekane kavu.