Boti Imeoza Sakafu, Daftari Halina Mstari Wake



Nahodha alikuwa akivuta nanga pale mguu wake wa kulia ulipotoboa sakafu ukazama hadi gotini. Alhamdulillahi, walikuwa bado ndani ya mkono wa bahari wa Mtwapa, maji yametulia na mashine haijawashwa. Alitoka na mchubuko na suruali iliyochanika. Lingetokea nje ya mwamba, alfajiri, na kusi inavuma, leo ningekuwa naandika taazia.

Nahodha huyu ni ami yangu, mdogo wa marehemu babangu, na ndiyo sababu nikaitwa. Diploma yangu ni ya uhasibu, si ya kuunda vyombo, lakini katika ukoo wetu aliyekaa chuoni huitwa kwa kila jambo, kuanzia mirathi mpaka stakabadhi ya stima.

Boti yenyewe ni ya alumini, futi 22, nzee kuliko baharia wake mdogo. Zamani ilikuwa ya kupeleka watalii kuvua kwa mshipi. Baadaye ofisi moja ya serikali ikainunua, ikaipaka rangi ya buluu, ikaikabidhi kwa kikundi cha wavuvi miaka saba iliyopita. Siku hiyo palikuwa na hema, viti vya plastiki, hotuba na pilau. Wavuvi walipewa funguo ya mashine na neno moja la faraja: alumini haiozi.

Ni kweli, haiozi. Lakini mvuvi hasimami juu ya alumini. Husimama juu ya plaiwudi iliyofungwa kwa skrubu juu ya mataruma, na chini ya plaiwudi hiyo kuna povu gumu, kama lile la maboksi ya barafu, lililowekwa ili boti ikijaa maji isizame. Povu likikaa miaka ndani ya maji ya ngama, maji hupenya. Plaiwudi nayo hulowa kutoka chini, mahali jicho halifiki, huku juu rangi bado inang'aa.

Tulipoing'oa sakafu Jumamosi iliyopita, mbao zilikuja mkononi kama mkate wa mofa uliochovywa kwenye chai. Pande moja la povu karibu na tezi liliwashinda vijana wawili, wakaitwa wengine wawili. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya kilo moja. Ukilibeba povu lililonywa lita 200, umebeba abiria watatu wasiovuta wavu na wanaokula petroli kila safari. Ami alikuwa analalamika kwa miezi kwamba mashine imechoka. Mashine haikuwa na kosa.

Kibaya zaidi tulikiona chini. Kuna mtu aliwahi kuitengeneza sakafu hiyo kabla ya kukabidhiwa, na alitumia mbao za dawa na skrubu za chuma cha kawaida. Mbao za dawa, zile zinazotiwa dawa yenye shaba ili mchwa asile, ni nzuri kwa paa la nyumba. Zikilala juu ya alumini kwenye maji ya chumvi, shaba ile huila alumini. Tulikuta unga mweupe na vijishimo kando ya taruma mbili, kimoja kimebaki ngozi tu. Kwa hiyo boti isiyooza ilikuwa inaliwa na sakafu yake yenyewe. Fundi aliyeletwa alikigonga kwa kidole, akanyamaza, kisha akaomba chai.

Fundi alitaka karatasi sita za plaiwudi ya baharini, epoksi ya kupaka pande zote na hasa kwenye kingo na kila tundu la skrubu, skrubu za chuma kisichoshika kutu, povu jipya, kiraka cha alumini, na ubao mpya wa tezi unaobeba mashine, kwa sababu ule wa sasa ukiubonyeza unatoa maji. Jumla, pamoja na ufundi, shilingi 118,000.

Hapo ndipo nilipoomba daftari.

Kikundi kina daftari zuri, wallahi. Kila safari imeandikwa. Petroli, barafu na chakula hutolewa kwanza, kisha pato hugawanywa, na chombo hupata fungu lake kama baharia. Nilifuata fungu la chombo ukurasa kwa ukurasa. Lilizika watu. Lililipa karo za mayatima wawili. Lilinunua mbuzi siku mgeni rasmi alipokuja kuitazama boti. Sisemi kwamba pesa ziliibwa. Nyingi zilikwenda kwa mambo ambayo mimi mwenyewe ningeyapigia kura. Lakini katika miaka saba, fungu la chombo halijawahi kukigusa chombo, ukiacha plagi na oili ya mashine.

Nikapiga hesabu kwenye simu. Ukiweka kando shilingi 300 kila safari, safari 15 kwa mwezi kwa wastani ukihesabu siku za kusi, ni 54,000 kwa mwaka. Kwa miaka saba ni 378,000. Ami alitazama ile namba, akasema, "Mwanangu, hatukuambiwa." Ni jibu la haki, na ndilo linalonifanya niandike.

Hawakuambiwa, kwa sababu aliyeikabidhi boti hakuwa na hamu na kilicho chini ya rangi. Pwani yetu imejaa ufuo wenye chombo cha msaada kilichopinduliwa kikawa kivuli cha kuku. Tangu Nairobi ilipoandaa mkutano mkubwa wa dunia wa uchumi wa buluu Novemba 2018, neno hilo halitoki midomoni mwa viongozi, na kwa wengi wao maana yake ni boti ya kukabidhi. Boti hupigwa picha. Karatasi sita za plaiwudi hazipigwi picha.

Nani basi alipaswa kutengeneza? Katiba, katika Jedwali la Nne, inaipa kaunti kazi ya uvuvi chini ya kilimo, na hapo hapo inaiachia serikali kuu ulinzi wa mazingira ambao ndani yake umo uvuvi. Mwanasheria ataona mpaka uko wapi. Mvuvi anaona milango miwili, na nyuma ya kila mlango kuna mtu anayeuonyesha mwingine. Vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, vina kanuni zao tangu 2007, na Sheria ya Uvuvi ya 2016 inavitambua. Vina katiba zao, viongozi wa kuchaguliwa na vitabu vya hesabu. Ila kikundi cha ami hakijawahi kupewa karatasi ya umiliki wa boti hii. Hawawezi kuiuza, hawawezi kukopea, na walipoandika barua kuomba itengenezwe walijibiwa kwa mdomo kwamba boti ni yao.

Yao lini? Ikiwa nzima ni ya mradi, ikioza ni ya wavuvi.

Wazee wetu hawakuwa na plaiwudi, lakini walikuwa na mwaka wenye mpango. Kusi ikikaza, chombo kilipandishwa pwani. Kilikaushwa, kikakalafatiwa kwa pamba, kikapakwa deheni chini na sifa juu, na ubao uliolegea ukang'olewa kabla haujamng'oa mtu. Mwenye jahazi aliyeshusha chombo bila deheni alichekwa barazani. Tulipoletewa vyombo vya faiba na alumini tuliambiwa hayo yote yamepitwa na wakati, na tukaamini upesi mno. Hili nalitia kwenye mlango wetu, si wa serikali.

Uchaguzi wa 2027 uko karibu, na boti zitakuja. Sisemi zikataliwe. Mwenye njaa hakatai jahazi. Lakini kabla ya hema kusimamishwa, kamati ya BMU iombe karatasi ya umiliki iandikwe jina la kikundi. Iombe sakafu ifunuliwe walau sehemu moja waione, na mkaguzi wa Mamlaka ya Bahari aitwe kabla ya mgeni rasmi. Mtoaji aulizwe mbele ya kamera zake mwenyewe: matengenezo ya miaka mitatu yako wapi kwenye bajeti? Akiona haya, vizuri.

Kumezuka pia ubishi ambao bado haujaisha. Vijana wanataka povu lisirudishwe, nafasi ile iwe ya samaki na barafu, na tuokoe pesa. Nimewapinga kwa sauti ambayo baadaye niliijutia. Boti ya alumini iliyojaa maji bila povu inakwenda chini kama sufuria, na mashine ndiyo inayoivuta. Kijana mmoja alinijibu, "Ami, wewe huendi baharini." Sikuwa na jibu la hilo. Nahodha alikuwa nalo: alipandisha suruali akawaonyesha goti.

Mpaka jana usiku mchango umefika 71,000. Boti iko juu ya magogo, tumbo wazi, imefunikwa turubai. Fundi ameshakata karatasi mbili za mwanzo na kuzipaka epoksi, na ametukataza kuzigusa hadi zikauke. Kiraka cha alumini kitachomelewa Jumatatu inshallah, ikiwa stima haitakatika. Ukurasa mpya wa daftari umepigwa mistari, na juu yake ami ameandika kwa mkono wake: Matengenezo, 300.