SANAMU LISILO LA MTI

Ndugu zangu wanafunzi, na ninyi kaka zetu mliotutangulia katika shule hii,

Kila tukisomewa ile amri inayokataza kuabudu sanamu, wengi wetu twakaa kwa raha kabisa katika viti vyetu. Twadhani amri hiyo iliandikwa kwa ajili ya watu wa zamani. Nani kati yetu ana kinyago chini ya kitanda chake? Nani amepiga magoti mbele ya gogo? Basi twajiona tumekwisha kushinda. Mimi nasema hatujashinda bado. Sanamu kubwa la upande wetu huu, kutoka Mwansabombwe mpaka Nchelenge na ukingo wote wa Ziwa Mweru, halikuchongwa kwa mti, wala halikai katika kibanda cha mganga. Huamka kila mwaka tarehe 1 Desemba.

Kabla sijalitaja, nataka kuondoa jambo moja njiani. Kila mwisho wa Julai, Mwata Kazembe anapocheza Umutomboko, huzuka ubishi mabwenini: Je, Mkristo aende kutazama, au asiende? Wengine husema ile ni ibada ya mizimu, kwa sababu Mwata hupeleka chakula na pombe katika kijito cha Ng'ona kwa kuwakumbuka wazee wa Walunda. Wengine husema ni heshima ya historia tu. Ubishi huo ni wa haki, na kila mtu aupime kwa dhamiri yake. Lakini naona watupendeza kupita kiasi, kwa sababu hautugharimu kitu. Kuhukumu ngoma ya mtu mwingine ni kazi rahisi. Tena wazee hutueleza kwamba Mwata anapoelekeza upanga wake juu mbinguni na chini ardhini, maana yake ni kuwa juu yake yuko Mungu, na udongo utamchukua siku moja. Mwata akiyakiri hayo mchana mbele ya watu wote, sisi twakiri nini usiku ziwani?

Maana hapo ndipo penye shida yetu. Tangu tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, uvuvi hufungwa ili samaki wapate kuzaa wakati wa mvua. Kila mtoto wa ziwa ajua hivyo. Na kila mtoto wa ziwa ajua pia kwamba usiku wa miezi hiyo mitumbwi haikosi majini. Makokoro hukokotwa gizani. Vyandarua vilivyotolewa bure ili kuwakinga watoto na malaria hushonwa pamoja vikawa nyavu, navyo huzoa hata vifaranga vya samaki visivyofika urefu wa kidole. Asubuhi ya Jumapili wenye mitumbwi hiyo wapo kanisani, na baadhi yao ni waimbaji wazuri.

Sisi wanafunzi tusijifanye watazamaji. Fikirini kalenda yetu. Twafunga shule mwanzo wa Desemba, twarudi Januari. Likizo yetu yote iko ndani ya miezi ile iliyokatazwa. Tangu mwaka 2022 serikali ya Zambia imeondoa ada ya masomo katika shule zake za sekondari, na twashukuru sana; lakini sisi wa bweni bado twalipia chakula na malazi, na fedha hizo hutakiwa Januari, mwezi ambao ziwa limefungwa na mahindi bado mabichi shambani. Hapo sanamu hutuambia kwa sauti ya upole: Ingia mtumbwini usiku mmoja tu, kwa ajili ya elimu yako. Mungu mwenyewe apenda elimu.

Soma tena habari za ndama wa dhahabu katika kitabu cha Kutoka, sura ya 32. Haruni hakuwaambia watu waache kumwabudu Bwana. Alitengeneza ndama, kisha akatangaza kwamba kesho yake ni sikukuu ya Bwana! Jina la Mungu lilibaki, ila ndama ndiye aliyekaa katikati. Ndivyo ilivyo mtu anapotoa zaka ya samaki wa wizi, au anapomwomba Mungu amfiche na walinzi wa uvuvi. Ndivyo ilivyo pia kwa yule anayefunga dawa ya mganga katika wavu wake, na kwa ndugu yake anayenunua chupa ya mafuta ya upako ili biashara ifunguke. Mmoja huenda kwa mganga, mwingine huenda kwenye mkutano wa miujiza, lakini wote wawili wataka Mungu awe mtumishi wa mfuko wao. Mwaka 1991, tarehe 29 Desemba, Rais Chiluba alitangaza kuwa Zambia ni taifa la Kikristo. Ni jina kubwa. Lakini tangazo haliwezi kukaa mtumbwini badala ya mtu.

Yuko atakayesema: Sheria ya samaki ni ya serikali, si ya Mungu. Namwomba afungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 22. Humo Mungu awaagiza watu wake kwamba wakikuta ndege amelalia mayai, wasimchukue mama pamoja na makinda. Kula wale, lakini mama wamwache aende zake. Je, samaki mwenye mayai tumboni ana tofauti gani? Na Walawi 25 yasema ardhi yenyewe ipewe mwaka wa kupumzika. Mungu aliyeipa ardhi sabato hakusahau maji.

Tena historia ya nchi hii yatuonyesha jinsi watu wenye dini wanavyoweza kutumikia bwana mwingine bila kumtaja. Mwezi wa Novemba 1867 David Livingstone alifika Ziwa Mweru, kisha akaingia mji wa Kazembe. Alimkuta huko mfanya biashara wa Kiarabu, Muhammad bin Salih, ambaye alikuwa amekaa miaka mingi. Kiswahili hiki ninachoandika kilikuja huku pamoja na misafara kama yake. Misafara ya siku zile ilifuata pembe za ndovu na watumwa. Wengi waliokuwamo walisali na kufunga. Wareno waliofanya biashara hiyo hiyo walijiita Wakristo, na machifu wa Kiafrika waliouza watu waliheshimu wazee wao. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba aabudu pembe. Lakini pembe ilipoita, waliitika.

Na habari za mpumbu twazijua. Samaki huyu alikuwa akipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa mvua ili kutaga mayai. Watu walimngoja papo hapo njiani. Soko la migodi ya Katanga na Kopabelti lilipokua, nyavu zikazidi, na ilipofika miaka ya 1950 makundi yale makubwa yalikuwa yamekwisha. Sisi vijana twamjua mpumbu kwa masimulizi ya babu zetu kuliko kwa sahani zetu. Mungu wa kweli huwapa watoto urithi. Sanamu hula urithi wa watoto. Hiyo ndiyo alama ya kulitambua.

Simhukumu mwenye njaa. Mama mjane anayetafuta kitoweo cha jioni si adui yangu, na aibu ni yetu tunaomwacha bila msaada. Wala sikubali neno la wale wasemao, “Ng'ambo ya Kongo wanavua, kwa nini sisi tungoje?” Dhambi ya jirani haijawa hati ya ruhusa.

Mimi ni mtoto wa mvuvi, wala siandiki kama mtu asiyeyajua haya. Baba hutundika nyavu zake mwisho wa Novemba, naye hazigusi mpaka Machi. Januari mwaka huu fedha za bweni hazikutosha. Mama aliuza mihogo mikavu sokoni, na mimi nikafika shule wiki mbili baada ya wenzangu. Somo la hesabu lilikuwa limekwenda mbele, na mpaka leo nalikimbilia. Nilimwuliza baba kama hakuona vibaya kuniona nimekaa nyumbani. Akanijibu, “Niliona vibaya sana, mwanangu. Lakini ziwa si langu.” Uaminifu una gharama, na yeyote anayewaambia kwamba hauna, anawauzia kitu.

Basi tufanye nini? Kwanza, sisi wanafunzi tukatae mtumbwi wa usiku katika likizo, hata kama mwalikaji ni mjomba. Tukatae kwa adabu, lakini tukatae. Pili, tuwaombe wazazi watenge fedha za Januari tangu Agosti, samaki wakiwa bado wa halali, badala ya kungoja mpaka shida ibishe hodi. Tatu, tuwaombe wakuu wetu wa shule kwamba mtoto wa mvuvi aruhusiwe kulipa sehemu Januari na sehemu baada ya ziwa kufunguliwa.

Na neno langu la mwisho ni kwenu, kaka zetu mlioko Mansa, Ndola, Kitwe na Lusaka. Samaki wa Januari hawavuliwi kwa ajili ya watu wa Kashikishi peke yao. Hukaushwa upesi, hufichwa chini ya magunia, nao huja mpaka milangoni penu. Mnaponunua, ninyi nanyi mko mtumbwini. Miezi mitatu kuleni maharage, kuku na kisamvu. Na bei ya samaki mliyoiacha, ileteni hapa shuleni iwe akiba ya kuwasaidia wadogo zenu wanaokuja na nusu ya ada mwezi wa kwanza. Mkifanya hivyo, yule kijana anayeitwa mtumbwini usiku atakuwa na jibu la kutoa, na baba yake pia.

Kukaa na Mungu siku ya sikukuu ni rahisi. Tukae naye Desemba, Januari na Februari.