Je, Akili Hupimwa kwa Kibaba?

Wasomaji wetu, imekuwa desturi katika nchi nyingi kumpa mtoto maswali ya saa moja, kuyahesabu majibu yake, kisha kuandika tarakimu moja na kusema, "Hii ndiyo akili yake." Tarakimu ikiwa 100, mtoto huitwa wa kadiri, ikipungua sana, huitwa mpungufu. Wako watu, hata kwetu, waiaminio tarakimu hiyo kama waiaminivyo mizani ya dukani. Sisi twawapinga. Hatusemi kwamba vipimo hivi havina faida. Twasema kwamba vimetwikwa mzigo usio wao.

Kwanza na tutazame vilikotoka. Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa ilitaka kuwajua watoto wa shule waliohitaji mafundisho ya peke yao. Basi Alfred Binet na mwenziwe Théodore Simon wakatunga maswali 30, wakayatoa mwaka 1905: mtoto ataje viungo vya mwili, arudie tarakimu alizozisikia, alinganishe uzito wa vitu viwili. Nia yao ilikuwa kumwona mtoto aliyebaki nyuma ili asaidiwe. Tena Binet mwenyewe aliwakemea wale waliosema kwamba akili ya mtu ni kiasi kisichoweza kuongezeka. Alikufa mwaka 1911, na chombo chake kikaangukia mikono mingine.

Huko Marekani, katika miaka ya 1917 na 1918, askari wapata 1,750,000 walipimwa. Miongoni mwa maswali yalikuwamo ya wachezaji mashuhuri wa huko, na ya bidhaa za madukani. Mtu aliyeshuka melini juzi kutoka Italia atayajuaje hayo? Walakini mwaka 1923 Carl Brigham alitoa kitabu, akadai kwamba hesabu zile zaonyesha upungufu wa akili wa mataifa fulani. Na hesabu zile zile zilionyesha kwamba wageni waliokaa Marekani miaka mingi walipata alama nyingi kuliko waliofika karibuni! Mwaka 1930 Brigham alikiri kwamba hoja zake hazikuwa na msingi. Twamsifu kwa kukiri. Lakini neno likishatoka halirudi.

Wala madhara hayakuwa ya maneno tu. Katika jimbo la Virginia msichana mmoja, Carrie Buck, alipimwa akaambiwa kwamba akili yake ni ya mtoto wa miaka 9. Mwaka 1927 mahakama kuu ya Marekani ilikubali apasuliwe ili asizae tena, kwa hoja kwamba yeye, na mama yake, na mtoto wake mchanga, wote ni wapungufu. Mtoto yule akakua, akaingia shule, akasoma kama wenziwe, hata safari moja jina lake likaandikwa katika orodha ya wanafunzi wa sifa. Alikufa kwa ugonjwa mwaka 1932, naye ana miaka 8 tu. Laiti waamuzi wale wangalingoja!

Ushahidi mwingine u karibu nasi. Katika kijiji kimoja cha pande za Kisumu, wataalamu waliwapima watoto 85, wakatoa habari zao mwaka 2001. Waliwauliza habari za dawa za miti: ipi ya maradhi gani, nayo hutumiwaje. Ikaonekana kwamba waliozijua sana dawa hizo mara nyingi walipata alama chache katika kipimo cha maneno kifananacho na masomo ya shule. Je, mtoto ajuaye dawa ya kumtuliza nduguye tumbo hana akili? Anayo; ila aliyemwuliza hakuuliza lile alijualo.

Kadhalika katika Embu, watoto wadogo walipimwa mwaka 1984, na wengine wa rika lao mwaka 1998. Kwa miaka 14 tu alama zilipanda sana. Damu ya watu wa Embu haikubadilika kwa miaka 14! Wachunguzi walitaja wazazi kuzidi kujua kusoma, na chakula na afya ya watoto kuwa bora. Basi ikiwa alama hupanda pamoja na chakula chema na mama ajuaye kusoma, nani athubutuye kusema kwamba ndiyo kipeo cha mtoto tangu kuzaliwa?

Mtu atajibu, "Mbona wapatao alama nyingi hufaulu shuleni kuliko wenzao?" Ni kweli, mara nyingi huwa hivyo, wala hatulikani. Kipimo kikitumiwa vema, kwa lugha aijuayo mtoto, chaweza kutuonyesha mahali asimamapo leo katika mambo aliyoulizwa. Chaweza hata kutuonya kwamba mtoto tuliyemdhani mvivu yahitaji tumfundishe kwa njia nyingine. Lakini subira hakipimi, uaminifu hakipimi, wala hakijui mtoto huyo atakuwa nani akipata mwalimu mwema.

Nasi walimu tusijifanye wasafi. Mara ngapi tumemwita mtoto mjinga mbele ya wenziwe kwa sababu ya mtihani mmoja aliofanya na njaa? Baba yake akisikia, asema, "Mwalimu mwenyewe amenena," akamtoa shuleni akachunge ng'ombe. Hapo hatukupima akili, tumefunga mlango.

Wazee walisema kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Basi, walimu wenzetu, mtoto akipata alama chache, swali la kwanza lisiwe, "Ana akili kiasi gani?" Na liwe, "Amekula? Asikia vizuri? Aielewa lugha tunayomfundishia?" Nanyi wazazi, mwalimu akiwaletea tarakimu, mwulizeni atafanya nini ili ipande. Asipokuwa na jibu, mwanenu msimtoe shuleni.