Kukojoa Kukichoma, Acha Kubahatisha Dawa

Hapa Myanga, kukojoa kukianza kuchoma unajua vile huenda: unaingia kwa kemisti, unanong'ona "ni UTI", unapewa antibayotiki, unalipa, unatoka. Hakuna aliyepima kitu. Mimi nimefanya hivyo mara mbili, na ya pili dawa haikunisaidia kabisa.

Bakteria wanapenda sana hiyo tabia yetu. Mwaka 2019, usugu wao kwa dawa uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani.

Sasa sikieni. Mwaka 2004 wanasayansi wa MIT, Marekani, walichukua polima, yaani mnyororo mrefu wa molekuli, inayong'aa ikimulikwa, wakaipachika sukari iitwayo manosi. E. koli, ndiye anayesababisha UTI nyingi, ana vinyweleo vya kushika manosi. Ndivyo anavyojibandika kwenye kibofu. Akikutana na hiyo polima anaing'ang'ania kama nyuki kwenye muwa uliomenywa (watu wa Nzoia mnanielewa), na rundo zima linang'aa. Watafiti wengine wanaongezea polima za sukari chaji chanya ya kutoboa utando wa bakteria, afe papo hapo.

Kwa kemisti wetu hiyo haijafika. Lakini kuotesha mkojo maabara, jibu baada ya siku moja hadi tatu, ni kitu cha zamani. Kaunti ya Bungoma ituletee kipimo hicho karibu, kwa bei ambayo mtu wa boda anaiweza. Siku mbili nitangoja.